Mashine Haiungami

Dominika moja, Misa ya pili ilipokwisha, kijana mmoja wa jimbo letu alitufuata sakristiani akaomba tumsikilize. Hakuja kuungama, alikuja kutaka shauri, naye ametupa ruhusa ya kuyaandika haya pasipo kumtaja jina wala mahali pake pa kazi. Kijana huyu ni fundi wa programu za kompyuta. Yeye na wenzake wawili waliitengenezea kampuni moja mtambo wa kuhesabu mahudhurio ya vibarua. Kila mmoja aingiapo kazini asubuhi huweka kidole juu ya kioo kidogo. Mtambo humtambua na kuandika saa aliyofika. Mwisho wa juma ujira hupigwa kwa hesabu hiyo hiyo, pasipo karani kutia mkono wake.

Baada ya miezi michache kijana aligundua jambo. Wale wanaochanganya saruji na kubeba matofali, na akina mama wanaoshinda mikono yao ikiwa ndani ya sabuni kali, vidole vyao vimelika. Ile mistari ambayo Mungu amemwandikia kila mtu kidoleni imefifia, na kioo hakiwatambui. Mtu amefika saa moja kamili, ameweka kidole mara tano, msimamizi amemwambia aende kazini asipoteze wakati. Jioni mtambo umeandika ya kuwa asubuhi hakuwapo. Nusu ya ujira wa siku imekwenda. Kijana alimweleza mkubwa wake. Akajibiwa ya kuwa jambo hilo litarekebishwa baadaye, na kwamba kwa sasa mteja asiambiwe neno, maana malipo ya mwisho hayajatoka. Tangu siku ile ilikuwa imepita miezi mitatu. "Padre," akatuuliza, "mimi sijamwibia mtu hata senti moja. Je, dhambi hii ni ya nani?"

Siku ile hatukumjibu kama ilivyostahili. Tulimwambia asali, naye arudi. Haya yanayofuata ndiyo jibu letu, nasi twalitoa mbele ya wasomaji wote, kwa maana swali hili si lake peke yake. Vijana wetu wengi wanajifunza ufundi huu vyuoni, na wazazi wanauza ng'ombe na viwanja ili wausomee. Ni ufundi mwema. Lakini kila ufundi una maadili yake, na ole wao vijana wanaofundishwa kazi pasipo kufundishwa wajibu wake.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge walituachia habari za kipande. Kilikuwa karatasi yenye nafasi za siku thelathini za kazi, na kila siku nyapara alitia alama yake. Hatuusifu utaratibu ule, kwa maana dhuluma nyingi zilipita katika karatasi zile. Walakini ulikuwa na jambo moja tusilolipata leo: nyapara akimdhulumu mtu, mtu alimjua aliyemdhulumu. Aliweza kumkabili, aliweza kumshtaki kwa bwana shamba, aliweza kumwombea. Na nyapara mwenyewe, akiwa Mkristo, Kwaresima ilipofika alijua la kuungama. Leo kibarua aliyekatwa ujira huambiwa, "Ni mashine." Msimamizi husema, "Ni mashine." Karani husema vivyo hivyo, na mwenye kampuni pia. Kila mmoja ananawa mikono katika beseni lile lile. Nayo mashine haiungami. Haina roho, haina dhamiri, haina siku ya hukumu. Basi dhambi ikiwapo, lazima iwe ya mtu fulani, na kazi yetu ni kumtafuta mtu huyo.

Ili tusiseme kwa makisio, tutazame kwanza mambo yaliyotokea Uingereza, ambayo mahakama na tume ya uchunguzi zimeyafunua wazi.

Mwaka 1999 Posta ya nchi ile ilianza kuweka katika ofisi zake ndogo mtambo wa hesabu uitwao Horizon. Uliundwa na kampuni ya ICL, iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Ofisi hizo ndogo, nyingi zikiwa ndani ya maduka ya mitaani na vijijini, ziliendeshwa na mawakala, waume kwa wake, watu waliojulikana na kuaminiwa na majirani zao. Wasomaji wetu wanaofanya kazi ya uwakala wa fedha kwa simu wataelewa upesi hali yao: fedha zilizomo sandukuni lazima zilingane na fedha zilizomo katika hesabu. Zisipolingana, Posta ilishika ya kuwa upungufu ni deni la wakala, naye aulipe kwa fedha zake mwenyewe.

Mtambo ukaanza kuonyesha upungufu mahali pasipokuwa na upungufu. Katika kijiji cha South Warnborough, mama mmoja jina lake Jo Hamilton aliona amepungukiwa na paundi 2,000. Akapiga simu kuomba msaada, akafuata maagizo aliyopewa, na upungufu ukawa maradufu mbele ya macho yake. Aliweka nyumba yake rehani ili alipe. Alikiri mahakamani kosa la kuandika hesabu za uongo, si kwa kuwa ameiba, bali ili aepukane na shtaka la wizi na kifungo. Wanakijiji walimchangia fedha wakaenda kusimama naye mahakamani, kwa maana wao walimjua. Lee Castleton wa Bridlington alidaiwa upungufu wa paundi kama 25,000. Alishindana na Posta mahakamani pasipo wakili, akashindwa mwaka 2007, akatwishwa gharama za kesi za paundi 321,000, akafilisika. Seema Misra, aliyekuwa na ofisi huko West Byfleet, alihukumiwa mwaka 2010 kifungo cha miezi 15 hali ana mimba, siku ile ile mtoto wake wa kwanza alipotimiza miaka kumi.

Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa nguvu ya hesabu za mtambo huo, na kesi nyingi zilifunguliwa na Posta yenyewe. Wengi walipolalamika waliambiwa ya kuwa ni wao peke yao wenye shida hiyo. Wakala mmoja, Alan Bates, hakukubali. Aliwakusanya wenzake hata wakawa 555, wakaipeleka Posta mbele ya Mahakama Kuu ya London. Desemba 2019 Jaji Fraser aliamua ya kuwa mtambo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na zilikwisha kuuleta. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa siku moja, Jo Hamilton na Seema Misra wakiwa miongoni mwao. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hatia za mamia waliosalia. Lakini Julai 2025 tume ya uchunguzi ilieleza ya kuwa huenda watu wasiopungua 13 walikuwa wamejiua kwa sababu ya mateso yale. Hao hakuna sheria ya Bunge iwezayo kuwafuta machozi.

Tukitaka kuona jinsi jambo kubwa linavyozaliwa na jambo dogo, tutazame yaliyotokea mwaka 2015 katika ofisi ya Dalmellington, huko Uskoti. Mfanyakazi aliingiza katika hesabu mfuko wa fedha wa paundi 8,000. Akabonyeza kitufe cha kukubali, na kioo hakikubadilika. Alifanya kama sisi sote tungalifanya: akabonyeza tena, na tena. Kioo kilinyamaza, lakini ndani yake kila mbonyezo ulihesabiwa kuwa mfuko mwingine. Paundi 8,000 zikawa 32,000, na ofisi ikadaiwa paundi 24,000 ambazo hazikuwapo duniani. Safari ile kosa lilitambuliwa. Twauliza ni wangapi waliolipa pasipo kutambuliwa. Na wahenga wetu walisema ya kuwa kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Fedha walizolipa mawakala kufidia upungufu wa uongo ziliingia Posta. Mchukuzi wa namna hiyo hana haraka ya kuliziba pakacha.

Sasa, nani aliyekosa? Wakubwa walioshtaki watu pasipo kusikiliza wamekosa, nao wana mengi ya kujibu. Wanasheria walionyamazia waliyoyajua wamekosa. Hatutaki kumtwika fundi mzigo wa wakubwa, kwa maana ni desturi ya dunia kumtafuta mdogo ili mkubwa apone. Lakini tusimwondolee fundi mzigo ulio wake.

Mafundi walijua nini? Mwaka 2022 mmoja wa mafundi wa mwanzo aliiambia tume ya kuwa sehemu ya mtambo iliyohusu hesabu za fedha ilitengenezwa vibaya, na kwamba ilipendekezwa iandikwe upya; haikuandikwa. Januari 2024 mkuu wa Fujitsu katika Ulaya alikiri ya kuwa kasoro zilijulikana tangu mapema, na ya kuwa kampuni yake ilisaidia katika kuwashtaki mawakala. Akasema kampuni ina wajibu wa kimaadili wa kuchangia fidia. Kulikuwa na jambo la tatu, baya zaidi. Kwa miaka mingi ilisemwa ya kuwa hakuna mtu awezaye kuzigusa hesabu za wakala isipokuwa wakala mwenyewe. Kumbe mafundi wa kampuni, wakiwa mbali, waliweza kuingia humo. Habari hii ilitolewa na fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi Fujitsu, Richard Roll. Aliisema katika televisheni mwaka 2015, akairudia mbele ya jaji mwaka 2019. Mtu mmoja aliyesema kweli alisaidia kuvunja ukuta ambao mamia ya watu wasio na hatia hawakuweza kuutikisa.

Twadhani hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Watu hudhani ya kuwa programu ni chombo kama jembe au kisu, na kwamba mhunzi hana lawama kisu kikitumika kuua. Mfano huo haufai. Kisu hakisemi neno. Huenda mkono uendako. Programu ya kuhesabu fedha, au kupima kazi ya mtu, au kuandika nani kafika na nani hakufika, si kisu, ni mizani. Mizani husema. Husema, "Huyu ametimiza, huyu amepungua." Na Maandiko Matakatifu hayamlaumu muuzaji peke yake, yanaitaja mizani yenyewe iliyo ya hila kuwa chukizo mbele ya Mungu. Fundi wa mizani anayejua ya kuwa mizani yake inapunja, naye akaitoa mkononi mwake iende sokoni, hawezi kusema, "Mimi si mfanyabiashara."

Tena twasema zaidi: katika siku hizi mizani imekuwa shahidi. Sheria iliyokuwapo Uingereza wakati wa kesi zile ilizitaka mahakama kuchukulia ya kuwa kompyuta ilifanya kazi sawasawa, mpaka mtu aonyeshe kinyume. Wakala wa kijijini angeonyeshaje kinyume? Kilichomo ndani ya mtambo hakukiona, na hata angekiona asingekijua. Shahidi aliyemshtaki hakuweza kuulizwa maswali. Tunasoma katika kitabu cha Danieli jinsi wazee wawili walivyomshuhudia Susana uongo, na jinsi kijana Danieli alivyowatenga na kumuuliza kila mmoja peke yake, uongo ukajitokeza. Mashine haiwezi kutengwa na kuulizwa. Awezaye kuulizwa ni yule aliyeitengeneza. Basi fundi anayejua ya kuwa mtambo wake waweza kusema uongo juu ya mtu, akanyamaza wakati mtu huyo anapoadhibiwa, amejiunga na ushahidi wa uongo. Amri ya Nane yamhusu, hata kama hajafungua kinywa. Yamhusu kwa sababu hajakifungua.

Tunajua majibu yatakayoletwa, na ni haki tuyasikilize.

Wa kwanza atasema, "Niliagizwa." Twamjibu ya kuwa utii ni fadhila, lakini hakuna mwanadamu awezaye kumwamuru mwenzake atende dhambi. Hata mahakama za dunia hazilipokei jibu hilo. Fundi James Liang wa kampuni ya Volkswagen alishiriki kutengeneza programu iliyolifanya gari lijitambue linapopimwa moshi, lijionyeshe kuwa safi, kisha barabarani lirudie uchafu wake. Agosti 2017 mahakama ya Detroit, Marekani, ilimhukumu kifungo cha miezi 40 na faini ya dola 200,000. Alikuwa mwajiriwa, tena wakubwa walikuwa juu yake. Lakini kazi ile aliifanya kwa akili yake, naye alijua ni ya nini.

Wa pili atasema, "Tulikuwa wengi, mimi niliandika kipande kidogo tu." Ni kweli ya kuwa programu kubwa huandikwa na mikono mingi, kama vile nyumba ijengwavyo na wengi. Lakini lawama haigawanyiki kama mkate, hata kila mmoja apate kitonge kisichoshibisha. Katekisimu za zamani zilitufundisha ya kuwa mtu hushiriki dhambi ya mwenzake kwa njia tisa: kwa shauri, kwa amri, kwa kukubali, kwa kuchochea, kwa kusifu, kwa kuficha, kwa kushirikiana, kwa kunyamaza na kwa kuitetea. Fundi na ajipime kwa orodha hiyo. Wengi wetu hatutajikuta katika amri. Tutajikuta katika kuficha na katika kunyamaza.

Wa tatu atasema, "Kukosea si dhambi." Huyu amesema kweli, nasi twataka kumtuliza. Hakuna fundi asiyekosea, na programu isiyo na kasoro hata moja haijapata kuonekana. Mungu hatamhukumu mtu kwa kasoro ambayo hakuijua wala hakuweza kuijua. Sheria ya Musa yaweka tofauti iliyo wazi. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, na kabla ya hapo hakujulikana kuwa mkali, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alizoea kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, hatia ni yake. Twaona basi ya kuwa Sheria hamuulizi mtu kama ng'ombe wake ana pembe. Yamuuliza, "Ulionywa? Ulifanya nini baada ya kuonywa?" Siku ile ya kuonywa ndiyo siku kosa linapogeuka kuwa dhambi.

Wala mtu asidhani ya kuwa atapona kwa kuziba masikio asionywe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha ya kuwa ujinga ambao mtu ameutaka mwenyewe haumwondolei hatia. Sheria ile ile ya Musa yamwagiza ajengaye nyumba yenye dari ya kukanyagwa atie ukuta mdogo pembeni, mtu asije akaanguka. Haimngojei mpaka mtu aanguke. Fundi anayetengeneza mtambo utakaokata ujira wa watu yampasa aulize kabla: Je, ukikosea, nani ataumia? Aliyeumia ataweza kulalamika wapi? Kuna mwanadamu mwenye mamlaka ya kuirekebisha hesabu? Umejaribiwa kwa vidole vya makarani wa ofisini tu, au na kwa vidole vya wapiga matofali? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huko Uingereza ukuta huo umejengwa kwa gharama ya miaka zaidi ya ishirini, ya nyumba za watu, na ya uhai wao.

Kanisa halikuanza leo kuyasema mambo ya kazi. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum, wakati viwanda vilipokuwa vikiwameza watu. Mei 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alieleza ya kuwa alichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Papa yule, kwa sababu akili bandia na mitambo mipya inaleta tena maswali yale yale ya haki, ya kazi na ya heshima ya mwanadamu. Na kabla ya Mapapa hao wote, katekisimu imehesabu kati ya dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni ile ya kumnyima kibarua ujira wake. Haisemi ya kuwa kilio kinanyamaza ikiwa ujira umezuiliwa na kioo.

Sasa twarudi kwa kijana wetu. Aliporudi juma la pili tulimweleza hivi.

Kwanza, siku aliyoutengeneza mtambo, na hakujua, hakutenda dhambi. Afukuze wasiwasi huo. Dhamiri yenye hofu isiyo na sababu humchosha mtu, akakosa nguvu ya kutenda lililo wajibu.

Pili, tangu alipojua, amekuwa mtu aliyeonywa juu ya ng'ombe wake. Kumwambia mkubwa kwa mdomo mara moja ni mwanzo mwema, lakini hakutoshi dhuluma ikiendelea. Amwandikie, kwa adabu na kwa wazi, akitaja kasoro na wanaoumia. Maneno ya mdomo husahauliwa na wanaopenda kusahau; barua hubaki. Asikubali kutia sahihi yake mahali popote panaposema ya kuwa mtambo umekaguliwa na ni sawa. Siku kibarua akishtakiwa au kufukuzwa kwa hesabu hiyo, kijana wetu hana ruhusa tena ya kunyamaza, hata akiamriwa, hata akikaribia kupoteza kazi.

Tatu, upo wajibu wa kurudisha. Toba pasipo kurudisha ni maneno matupu. Kumbukumbu za mtambo anazo yeye. Aweza kuonyesha ni nani waliokataliwa mara nyingi na kioo, na ni siku zipi walizokatwa. Deni la ujira ni la kampuni iliyoushika, si lake. Lakini ufunguo wa kulijua deni hilo uko mkononi mwake, na wasioweza kusoma kilichomo ndani ya kompyuta hawana mwingine wa kuwasomea.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo hatukuweza kulijibu kwa vitabu. Baba yake amefariki. Wadogo zake wawili wako shule, na karo yao yatoka katika mshahara huo. Kazi alitafuta mwaka mzima kabla ya kuipata. "Padre, wewe hutafukuzwa ukiandika," alisema. Ni kweli, nasi tulipokea maneno hayo kama tulivyostahili. Tulimwambia ya kuwa Kanisa halimtaki kila mtu aiache kazi yake mara anapoona baya ndani yake, kwa maana mwema akiondoka mara nyingi baya hubaki peke yake. Apime, asali, amtafute mmoja kati ya wenzake wawili wasimame pamoja, kwa kuwa barua ya watu wawili ni nzito kuliko ya mmoja. Aanze na njia ya upole. Lakini hatukuweza kumwambia ya kuwa njia hii haina gharama. Tungalikuwa nasi tumesema uongo.

Kwa hiyo neno letu la mwisho si kwa mafundi peke yao. Enyi waajiri Wakristo, mwambiapo fundi "usimwambie mteja", mwajua mnamwomba nini? Mnamwomba auze dhamiri yake kwa bei ya malipo ya mwezi mmoja. Afadhali mmpende fundi anayewaletea habari mbaya mapema, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nanyi mnaonunua mitambo hii, msimkabidhi mtu kwa mashine pasipo kumwachia mlango wa kulalamika kwa mwanadamu mwenzake. Yatupasa sisi wenyewe, mapadre na watawa wenye shule, hospitali na mashamba, kuanza na nyumba yetu. Mpishi wa shule zetu naye ana vidole vilivyolika. Tusinunue mtambo kwa sababu wauzaji wameusifu, kisha tukajificha nyuma yake.

Nanyi waamini, mkisikia ya kuwa fundi fulani amefukuzwa kwa sababu alisema kweli, msimwache peke yake. Wanakijiji wa South Warnborough hawakuelewa kompyuta, lakini walimwelewa jirani yao, wakatoa walichokuwa nacho. Jumuiya inayowasifu mashahidi wa kale juu ya altare, na kumwacha shahidi wa leo na karo za wadogo zake, imesifu kwa midomo tu.

Kijana wetu alituaga pasipo kusema atakalolifanya, nasi hatukumlazimisha aseme. Tulimwona akienda polepole kuelekea kituo cha basi, simu mkononi. Tunawaomba wasomaji wetu wamkumbuke katika sala zao kwa Mtakatifu Yosefu, aliyekuwa fundi. Na kila fundi asomaye haya na ajiulize jioni ya leo, kabla ya kulala: Je, liko jambo ninalolijua juu ya kazi ya mikono yangu, ambalo anayeumizwa nalo halijui? Likiwapo, asingoje toleo lijalo.